Sola Paani, Seng'enge Malishoni

Loji inayojitangaza kuwa rafiki wa mazingira humwonyesha mgeni paa lake kwanza. Paneli za sola zimepangwa zikalitazama jua, maji ya kuoga yanapashwa moto bila kuni, na mgeni analala akiamini safari yake haina doa. Sina ugomvi na paneli. Ninachosema ni kwamba Kajiado, hasa kwenye nyanda za Kitengela zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, paa halitupi kipimo cha usafi wa utalii. Utalii wa huku unasimama juu ya ardhi iliyo wazi, ambayo sehemu yake kubwa ni mali ya watu binafsi. Nishati safi itaufaa utalii huo ikimwezesha mwenye ardhi kuiacha wazi bila kuumia.

Tuanze na hesabu ya moshi. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hoteli ya Kitengela iliyounganishwa na gridi ikiweka sola, itapunguza bili yake ya stima zaidi ya itakavyopunguza hewa ukaa. Sola huleta mageuzi makubwa mahali ambapo nyaya hazijafika, kama kambi za Shompole, ambako bila jua pangelazimika kunguruma jenereta ya dizeli. Lakini mtalii wa London anayekuja Nairobi na kurudi kwao ameshaacha angani zaidi ya tani moja ya hewa ukaa kabla hajaliona paa lolote. Hakuna loji inayoweza kulifidia hilo kwa balbu. Ndiyo maana mkazi wa Nairobi anayefika mbugani kwa matatu ni mgeni msafi kuliko wote, na inasikitisha kwamba matangazo yetu ya utalii humkumbuka mwisho.

Sasa ardhi. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini, kando ya Mto Mbagathi, haukuzungushiwa ua. Haukuachwa hivyo kwa usahaulifu. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kufuata majani mafupi ya nyanda za Kaputiei. Kiangazi kikikaza, hurudi mbugani kwenye maji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walizidi 25,000. Leo waliobaki ni sehemu ndogo sana ya hao. Ranchi za pamoja ziligawanywa, viwanda vya eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje (EPZ) la Athi River vikavuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala, na seng'enge zikakatiza njia za wanyama.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela wasiweke ua wala kuuza mashamba yao: shilingi 300 kwa eka kwa mwaka. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka ili yaende sambamba na karo. Familia ya eka 100 ilipata 30,000. Ni fedha zilizosomesha watoto, na mpango huo ulistahili sifa. Lakini ziweke kando ya hesabu ya dalali: eka moja ikikatwa hutoa ploti nane za 50 kwa 100, na kila ploti ina mnunuzi anayengoja. Isitoshe, mpango uliegemea wafadhili, na mfadhili ana siku yake ya kuchoka. Mfugaji aliyeuza hakuwa adui wa wanyama. Alipiga hesabu akaona nyumbu wanamlisha mwenye loji, na yeye wanammalizia majani.

Hapo ndipo upepo wa Kipeto unapoingia. Magharibi mwa Isinya, mitambo 60 yenye jumla ya megawati 100 ilianza kuzalisha umeme kibiashara mwaka 2021. Wenye ardhi wanalipwa kwa mikataba, na ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya nguzo, kwa kuwa mtambo hukalia kipande kidogo tu cha shamba. Mwenye shamba anaingiza pesa bila kukata ploti. Mtalii anayelalamika kwamba mitambo inaharibu mandhari afikirie mandhari ambayo yangekuja badala yake: mabati, machimbo ya mawe na kuta.

Pingamizi la tumbusi ni zito zaidi, na silipuuzi. Ndege hawa huzaliana kwenye majabali ya Kajiado na kuelea juu ya upepo uleule unaozungusha mapanga. Kipeto imelazimika kuweka wachunguzi wanaotazama anga na kuamuru mtambo usimamishwe ndege wanapokaribia. Gharama hiyo ni ya haki, nayo isilegezwe. Hata hivyo, muuaji mkuu wa tumbusi Afrika Mashariki ni sumu. Simba au fisi akivamia boma, mtu aliyepoteza mifugo huupaka mzoga dawa ya wadudu, na tumbusi kwa makumi huanguka pale pale walipotua kula. Mikuki nayo imefanya kazi yake: Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela kwa siku moja baada ya kuvamia mifugo.

Dawa ya jambo hilo ilitoka kwenye zizi. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyechunga ng'ombe wa baba yake pembezoni mwa mbuga, aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazifunga kuzunguka boma zikiwaka kwa kupokezana, kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi usiku kucha. Taa zake zimesambaa kwa majirani na mbali zaidi. Paneli ile, ndogo kuliko meza, inalinda ndama, simba na tumbusi kwa pamoja, na kumwondolea mwenye boma sababu ya kununua sumu.

Najua itasemwa kwamba mitambo ya upepo haiwezi kumfikia kila mwenye shamba, na ni kweli; asiye na mtambo bado anakabiliwa na dalali yuleyule. Hapo ndipo loji zinapodaiwa. Kiasi cha bili ya stima au dizeli kilichookolewa na sola kinajulikana kila mwezi, kwa shilingi na senti. Sehemu yake ilipwe majirani kwa eka, kwa mkataba wa miaka mingi na kwa kiwango kinachopanda pamoja na bei ya ardhi; nyingine inunulie maboma taa. Kisha loji itakapobandika ukutani idadi ya paneli zake, ibandike na eka inazolipia, ili mgeni asome zote mbili kabla ya kulipa chumba.