Tijara ya Njiani Ruaha Mbuyuni: Lori Lipitalo si Lori Lisimamalo

Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imepitisha shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandarini na kurudisha mafuta, mbolea na ngano kuelekea bara, iko miji midogo isiyopangwa na serikali wala kuanzishwa na kiwanda chochote, bali iliyogunduliwa na madereva wa malori ya masafa marefu, waliosimama hapo mara ya kwanza kwa dharura na mara ya pili kwa hiari yao. Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, hatua chache tu kutoka mpaka wa Morogoro, ni mmojawapo wa miji hiyo, na kwa wengi waijuao njia hii ndio unaopendeza kuliko yote: umekaa bondeni kando ya Mto Ruaha Mkuu, mibuyu mikubwa imeuzunguka, na kandokando ya lami vitunguu vyekundu vimepangwa katika nyavu, vikimngoja msafiri.

Tijara yake ina asili katika umbo la nchi. Dereva atokaye pwani, akiisha kukatiza hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, ambamo sharti aende taratibu kwa ajili ya wanyama, anajua kwamba mbele yake uko mlima wa Kitonga, na kwamba lori lenye shehena kamili halizipandi kona zile ila kwa subira. Kwa hiyo husimama kukagua maji ya injini na matairi, akala, na pengine akalala. Naye ashukaye mlima huo akitoka Ilula husimama ili breki zipoe. Kutokana na haja hizo mbili wakapata riziki mama ntilie, wenye gesti, mafundi wa pancha, na fauka ya hao wakulima wamwagiliao vitunguu kwa maji ya mto, ambao soko limewafuata hadi mlangoni.

Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu na chakula, ambaye kwa maslahi yake hatumtaji jina, alieleza kwa kirefu kwamba wateja wake wa zamani bado wapo njiani, lakini hawana tena ruhusa ya kusimama. Zamani, asema, dereva alikabidhiwa posho yake mkononi, naye ndiye aliyeamua ale wapi na alale wapi. Siku hizi tajiri amefunga kifaa cha kufuatilia gari, hulitazama katika simu, na likisimama kitambo kidogo hupiga kumwuliza dereva sababu, ilhali posho yenyewe hutumwa kwa mafungu. Vitunguu navyo vimekuwa na taabu yake, maadam kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake kinasimamiwa kwa mizani njiani, na dereva aliyekwisha kupakia hadi kikomo haoni busara kuongeza hata magunia mawili ya kupeleka nyumbani. Zaidi ya hayo, mfanyabiashara huyo mwenyewe huishi kwa hofu ya kuondolewa, kwa kuwa sheria ya barabara ya mwaka 2007 iliitanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na biashara ya namna hii haifanyiki mbali na macho ya dereva. Alilipa Sh20,000 za kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vitambulisho hivyo vilipoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018, akidhani kitamhakikishia mahali; hakupata ila kitambulisho.

Ofisa mmoja tuliyezungumza naye, ambaye naye hakupenda kutajwa, aliyajibu hayo kwa hoja moja: kwamba malori yavukayo mpaka yanaongezeka, kwamba kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kimepunguza usumbufu, na kwa hiyo neema ya barabara haina budi kuifikia miji iliyo kando yake. Hoja hiyo haituridhishi. Hesabu za serikali huandika lori lipitalo mizani na lori livukalo mpaka, lakini hakuna daftari tuliloonyeshwa liandikalo lori lililosimama Mbuyuni, wala sahani ya wali iliyonunuliwa, wala chumba kilichokodishwa. Aidha, foleni za Tunduma zingali zikirefuka mara kwa mara, na dereva aliyengojea mpakani siku kadhaa huila posho yake kule kule, akafika bondeni mfuko ukiwa mwepesi.

Mustakabali wa mji huu ni mgumu kuukadiria. Iwapo Reli ya Uhuru ya Tanzania na Zambia (TAZARA), iliyofunguliwa mwaka 1976, itafufuliwa ipasavyo, sehemu ya shaba huenda ikarudi katika mabehewa; na reli hiyo hupita Ifakara na Mlimba hadi Makambako, mbali na bonde hili, hata Makambako ikapata faida pande zote mbili, ya reli na ya barabara, na Mbuyuni ikakosa. Kwa upande mwingine, mafuta na bidhaa za haraka aghalabu zitabaki barabarani, na mlima wa Kitonga hauondoki. Vitunguu vyaweza kupata soko la mabasi na magari madogo, ingawa wauzaji wenyewe wasema mnunuzi wa wavu mmoja si badala ya mnunuzi wa magunia.

Lililo wazi ni kwamba mji huu umejijenga kwa jasho la watu wake na kwa hisani ya madereva, na kwamba wote wawili wanastahili kutunzwa. Wenye mamlaka na watenge maegesho ya malori karibu na vibanda, yenye choo, maji na taa, kabla ya kumhamisha muuzaji hata mmoja. Na matajiri wa malori nao wakumbuke kwamba dereva aliyekula na kulala kabla ya Kitonga ndiye afikishaye mzigo salama.