«Kulazwa» ni nini? Neno moja katika sheria ya silaha ya Marekani

Mtoto wa shangazi yangu anaishi Marekani, ambako huwasaidia Wakongomani wenzake kwa ukalimani. Mwaka huu aliniandikia: «Mdogo wangu, wewe unasoma lugha. Kuna mzee hapa, tangu vita halali usiku, lakini anakataa kwenda hospitali ya akili. Ameambiwa anayelazwa huko hataruhusiwa tena kununua hata bunduki ya kuwindia. Ni kweli?» Nilisoma fomu mara moja, nikajibu: ni kweli. Nilikosea, na kosa langu lilikuwa la kisarufi.

Tueleze kwanza sheria yenyewe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inataja watu wasioruhusiwa kumiliki silaha. Tangu Novemba 1998, muuzaji mwenye leseni huuliza habari za mnunuzi kwenye mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI. Mnunuzi naye hujaza fomu yenye swali la sehemu mbili kuhusu akili.

Sehemu ya kwanza inatumia maneno ya zamani, «mental defective», yaani mtu mwenye kasoro ya akili. Ukiyatafsiri kwa «kichaa», unamwacha kila jirani awe hakimu, maana mtaani neno hilo hutolewa bure. Lakini katika kanuni za sheria hiyo, maana yake ni finyu: mahakama, bodi au mamlaka nyingine halali iwe imeamua kwamba mtu, kwa sababu ya hali ya akili yake, ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, au hawezi kusimamia mambo yake. Daktari kukuandikia jina la ugonjwa hakutoshi.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoniangusha. Nilitafsiri: «Je, umewahi kulazwa katika hospitali ya akili?» Tazameni kitenzi: lala, laza, lazwa. Kwetu mgonjwa yeyote «amelazwa», awe amekwenda kwa miguu yake au amefungwa kamba. Kauli ya kutendwa inamficha mtendaji, na hatuulizi nani ameamua. Kitenzi cha Kiingereza katika fomu ile kinadai mtendaji: mamlaka iliyompeleka mtu kwa lazima. Kanuni zinasema wazi kwamba aliyeingia kwa hiari yake, au aliyewekwa kwa uchunguzi tu, hahesabiwi. Basi tafsiri yangu ya neno moja ilikuwa imewafunga wote walioomba msaada wenyewe.

Neno likisomwa vibaya upande wa pili pia huleta hatari. Mwaka 2005, hakimu wa Virginia aliona kwamba mwanafunzi mmoja ni hatari kwake mwenyewe, akaamuru atibiwe bila kulazwa. Jimbo lilikuwa limezoea kuripoti waliolazwa kwa lazima, kwa hiyo amri hiyo haikufika kwenye mfumo. Mwanafunzi yule alinunua bastola mbili kwa wauzaji wenye leseni, na Aprili 2007 akaua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech. Januari 2008 ilitiwa saini sheria ya kuyahimiza majimbo kupeleka kumbukumbu hizo.

Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini Marekani ni vya watu wanaojiua. Kwa hiyo mtu mwenye huzuni nzito anayeogopa daktari yuko hatarini kuliko anayetibiwa, na mkalimani anayemtisha bila sababu anaongeza hatari hiyo.

Nilimwandikia tena: «Yaya, nisamehe. Mwambie mzee hivi: swali la fomu ni kama umewahi kupelekwa hospitali ya akili kwa lazima, kwa amri ya mamlaka halali. Ukienda mwenyewe, sheria ya shirikisho haikuhesabu. Lakini majimbo mengine yana sheria kali zaidi, basi amuulize mwanasheria wa huko.»

Tafsiri yangu ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa maneno mengi. Tunafundishwa kupenda ufupi, lakini hapa maneno yaliyoongezeka ndiyo yanayomruhusu mzee kwenda kwa daktari.