Kwa Nini Wikendi Yetu Itakuwa ya Baiskeli

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wa pande mbili. Majirani zangu wa hapa Area 18, Lilongwe, wameuliza kwa upole, ndugu zangu walioko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wameuliza kwa ukali: mama mwenye watoto watatu na duka linalokwenda, nauli ya minibasi anayo, apande baiskeli mpaka kambini kwa sababu gani? Mama mdogo wa huko kambini amekwenda mbali zaidi. Anasema nitamtia aibu kanisani, watu watadhani biashara imeanguka.

Aliyewasha moto huu ni shemeji yangu aliyeko Glasgow. Yeye na mdogo wangu walipata bahati ya kuhamishiwa Uskoti, na hivi karibuni walichukua watoto wao wakaenda kuendesha baiskeli kusini mwa nchi hiyo, katika mkoa wa Dumfries and Galloway. Picha zilitufikia, na nyuma ya picha ujumbe wa sauti: huku baiskeli ni starehe, huko kwenu baiskeli ni mateso. Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma. Kwa hiyo naeleza hapa starehe hiyo ilianzia wapi, nani aliigharimia, na kwa nini sisi nasi tuna haki nayo.

Karibu na mji wa Thornhill, katika mkoa huo huo, kuna kijiji kiitwacho Keir Mill. Hapo aliishi mhunzi Kirkpatrick Macmillan. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1839 ndiye aliyeunda chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kinachokwenda kwa kukanyaga, miguu isiguse ardhi. Husimulia pia kwamba mwaka 1842 alikiendesha mpaka Glasgow, safari ya zaidi ya kilomita 100, akamgonga mtoto wa kike katika mtaa wa Gorbals na kutozwa faini ya shilingi 5. Wanahistoria wengi wana shaka. Gazeti la wakati ule halikutaja jina la mpandaji, lilisema tu ni muungwana kutoka Dumfriesshire, na mhunzi siku zile hakuitwa muungwana. Aliyeunganisha habari hiyo na Macmillan ni jamaa yake, James Johnston, katika miaka ya 1890, mhunzi mwenyewe akiwa ameshafariki. Kilicho na ushahidi wa kutosha ni kwamba baiskeli za kukanyaga zilianza kutengenezwa na kuuzwa Paris katika miaka ya 1860.

Hata hivyo mkoa umeishika hadithi ya mhunzi wake na unaishi nayo. Mwaka 2023 ilizinduliwa njia ndefu ya baiskeli yenye jina lake, kilomita 400 hivi, kutoka Stranraer upande wa magharibi hadi Eyemouth upande wa mashariki. Mwaka huo huo mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Uskoti, na Dumfries and Galloway ikawapokea wapandaji wenye ulemavu. Misitu ya kusini ina vituo 7 vya baiskeli za milimani vinavyoitwa kwa pamoja 7stanes, na vingi kati ya hivyo, kama Kirroughtree, Dalbeattie, Mabie na Ae, vimo katika mkoa huo. Njia zake zimepewa rangi kulingana na ugumu: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wasioogopa kuvunjika.

Mdogo wangu amenieleza jinsi wikendi ya namna hiyo inavyopangwa. Unachagua mji mmoja wa kulala. Unaweka nafasi mapema, kwa sababu nyumba nzuri huisha. Unakodi baiskeli kwa siku, moja kwa kila mtu, na kofia ngumu juu yake. Unabeba koti la mvua hata kama jua linawaka, maana upande ule wa magharibi mvua haina msimu, na wakati wa kiangazi chao vijidudu vidogo kuliko mbu huuma usoni. Halafu kuna jambo nililoliona kwenye picha nyingi: watu wanapakia baiskeli juu ya gari, wanaendesha gari mpaka msituni, wanazishusha, wanazunguka njia inayowarudisha palepale walipoanzia, wanazipandisha tena garini, wanarudi nyumbani. Pesa yote ile, petroli yote ile, na baiskeli haijampeleka mtu popote. Shemeji akiita hayo starehe simkatalii. Ninachokataa ni yeye kuita yetu mateso.

Tena asisahau tairi. Aliyeifanya tairi ya upepo ijulikane duniani ni Mskoti, John Boyd Dunlop, mzaliwa wa Dreghorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Belfast. Mwaka 1887 alimfungia mwanawe mpira wenye upepo kwenye kibaiskeli chake cha magurudumu matatu ili mtoto asitikiswe na barabara mbovu, na mwaka 1888 akapata haki ya uvumbuzi. Baadaye haki hiyo ilifutwa, kwa sababu Mskoti mwingine, Robert William Thomson wa Stonehaven, alikuwa ameshaisajili miaka ya 1840. Lakini biashara ilikuwa imeshaanza. Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya baiskeli, na kila baiskeli ilihitaji mpira.

Mwingi ulitoka Brazili, na mwingine ulitoka kwetu. Tangu 1885 Kongo ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Katika misitu ya mkoa wa Ekwateri watu walilazimishwa kugema mpira wa mwituni kwa kiasi walichopangiwa. Wanawake walifungwa kama dhamana mpaka waume zao walete mpira, vijiji vilichomwa, mikono ya watu ilikatwa. Roger Casement, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza, aliandika ripoti iliyotolewa mwaka 1904, na mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme nchi hiyo. Mimi ni mtu wa Uvira, si wa Ekwateri, lakini waliokatwa mikono ni ndugu zangu. Mkongomani akipanda baiskeli kwa raha zake hajamwiga Mzungu yeyote. Gharama ilishalipwa, tena kwa damu.

Sasa niseme juu ya nchi ninayoishi. Mtu anayetoka upande wetu wa ziwa Tanganyika anaijua baiskeli, lakini Malawi ina mambo yake. Hapa baiskeli ya abiria inaitwa kabaza. Nyuma, juu ya keria, imefungwa kiti cha sifongo kilichovishwa plastiki, mara nyingi chenye rangi kali, na chini yake kuna vyuma vya kukanyagia miguu ya abiria. Mwanamke hukaa upande, chitenje chake amekibana vizuri kisiingie kwenye njiti. Bei mnapatana kabla hujakaa. Mlima ukija, abiria mwenye heshima hushuka, akatembea kando ya mwenye baiskeli mpaka juu, na hakuna anayemwambia ashuke, anajua. Mimi nilipofika nilidhani ni lazima nipandishwe kilima, kwa kuwa nimelipa safari. Mwenye kabaza mmoja mzee alisimama tu katikati ya kilima, akasubiri kwa adabu, mpaka nikashuka.

Pikipiki zimeingia na zimechukua jina hilo la kabaza, lakini baiskeli hazijaondoka. Asubuhi na mapema utawaona wanaume wakitoka upande wa msitu wa Dzalanyama na magunia ya makaa yaliyopangwa nyuma mpaka yamempita mwendeshaji kichwa. Wengine wanabeba mbao ndefu, mbuzi aliyefungwa miguu, nguruwe hai aliyelazwa chali juu ya keria, magunia ya mahindi, kitanda kizima. Katika vijiji vingine kuna baiskeli zinazovuta machela ya wagonjwa mpaka kwenye zahanati. Na chini ya mwembe wowote kuna fundi mwenye beseni la maji, kipande cha tyubu kuukuu na pampu, ambaye ataziba pancha yako huku akikuuliza habari za nyumbani. Huyu fundi Uskoti hayupo barabarani. Nimemuuliza mdogo wangu, akasema huko ukipata pancha msituni ni wewe na Mungu wako.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwalo Uskoti imetushinda, nami nalisema bila kinyongo. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi na maji, kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, hata kama ni mali ya mtu, mradi asiharibu na asisumbue. Mdogo wangu, aliyekaa Dzaleka akisubiri karatasi tangu ujana wake, anakatisha na baiskeli katika shamba la tajiri asiyemjua na haulizwi neno.

Hapa wakimbizi hawana haki hiyo. Malawi ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa mwaka 1951, lakini ikaweka pembeni vifungu kadhaa, kikiwemo kile cha uhuru wa kutembea. Dzaleka, iliyokuwa gereza enzi za rais Kamuzu Banda, ikafunguliwa kuwa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa kwa watu wapatao 10,000, leo ina zaidi ya 50,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Sisi tumebaki Lilongwe kwa sababu tuna kibali. Mama mdogo na wajukuu zake hawana. Kutoka kwao mpaka kwangu ni kilomita 45 hivi, na hawawezi kuzipita kama wapendavyo.

Hiyo ndiyo sababu yangu, na naomba isomwe vizuri. Baiskeli ni chuma na mpira. Kinachoifanya iwe mateso au starehe ni uhuru wa mwenye kuipanda: kwenda anakotaka, kwa siku aliyochagua, na kurudi. Kwa kuwa wao hawawezi kuja kwetu, sisi tutakwenda kwao, na tutakwenda kwa chombo ambacho juu yake watoto wataihisi kila kilomita inayowatenga na ndugu zao. Katika minibasi wanalala.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Tunatoka Jumamosi alfajiri kabla malori hayajajaa, tunashika barabara kuu ya M1 kuelekea kaskazini, tunapita Kanengo kwenye masoko ya tumbaku, tunapumzika Lumbadzi kwa chai na mandasi. Tukishaacha njia ya uwanja wa ndege nyuma, tunaendelea mpaka kwenye kona ya Dowa, kisha barabara inaelekea vilimani hadi kambini. Tunalala huko, tunarudi Jumapili baada ya ibada. Nimechagua miezi ya baridi, Juni au Julai, kwa sababu Oktoba jua la Lilongwe halina huruma.

Watoto ndio wameugeuza mpango huu kuwa kazi. Binti yangu mkubwa yuko sekondari na hataki kuonwa na wenzake kwenye mzunguko wa Area 18 akiwa juu ya baiskeli. Yeye ndiye aliyeshauri tutoke alfajiri, na ameomba kofia ngumu, si kwa ajili ya usalama bali ifunike uso. Wa kati nilimsimulia habari za Macmillan, na hakujali mhunzi hata kidogo. Anauliza juu ya yule mtoto aliyegongwa Glasgow: aliumia wapi, nani alimpeleka nyumbani, na zile shilingi 5 alipewa yeye au zilichukuliwa na wakubwa? Nimemwambia gazeti lilisema hakuumia sana. Hajaridhika, na ameandika barua kwa shemeji yangu amtafutie kaburi la msichana huyo.

Kitinda mimba amekuwa kabaza. Amefunga mto kwenye baiskeli ndogo ya kaka yake, anabeba wanasesere kutoka jikoni mpaka uani, anapatana nao bei kwa Kichewa, na mlango wa kibaraza ukifika anawashusha ati mlima. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kichewa. Zamani lilinikera sana jambo hilo, sasa nimeona Dzaleka ndiyo dawa, maana sokoni kule Kiswahili ndicho kinachonunua na kuuza, na siku mbili na binamu zake zinamrudishia maneno yote niliyodhani yamepotea.

Tulipokwenda mara ya mwisho, binti yangu alimuuliza binamu yake wa rika lake kwa nini huwa haji mjini kulala kwetu. Yule akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hana karatasi. Njiani kurudi binti yangu alitaka kujua karatasi ya kwenda kwa shangazi inaombwa wapi. Tangu siku hiyo hajapinga tena safari ya baiskeli, amebaki na sharti lake la kofia tu.

Ndugu msomaji, kama uko Lilongwe na una baiskeli inayoshika breki, panga wikendi yako. Beba tyubu ya akiba, pampu na maji, kaa kushoto kabisa malori yakipita, na kama huna ndugu kambini omba ruhusa ya uongozi kwanza. Ukitaka sababu kubwa zaidi, Dzaleka ina tamasha lake la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na Menes La Plume, mshairi Mkongomani aliyekuwa mkimbizi hapo hapo, na wageni hulala katika nyumba za wakazi. Chakula usibebe. Kula kwa akina mama wa kambini, lala kwao, ziba pancha kwa mafundi wao, pesa yako ibaki Dzaleka, kwa sababu wenyewe hawaruhusiwi kuifuata mjini.