Kidonge cha Presha Kisipondwe

Kama nyumbani kuna mzee anayetumia nifedipini ya miligramu 20, soma maandishi ya pakiti yake. Ukiona neno "retard", kidonge hicho hakipondwi wala hakitafunwi, hata kama bibi hupata shida kukimeza.

Nifedipini ni dawa isiyopatana na maji. Miligramu 20 haziyeyuki zote hata katika lita nzima ya maji. Kwa hiyo kiwandani husagwa ikawa laini mno, ili maji ya tumboni yaifikie kila upande. Lakini ikiingia yote damuni kwa mara moja, presha huanguka ghafla. Ndiyo maana viwanda vingi huichanganya na unga unaotokana na nyuzi za mimea. Unga huo ukilowa huvimba na kuwa ute, kama wa bamia, na dawa hupenya humo kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Ukikitwanga, ute huo haupati nafasi ya kujifanya. Dawa ya nusu siku inaingia kwa muda mfupi. Uso unawaka, moyo unakwenda mbio, mgonjwa akisimama anaanguka. Tuliletewa bibi mmoja kutoka Kibosho akiwa hivyo. Mjukuu alikuwa amemsagia kidonge na kukikoroga kwenye mtori, kwa upendo tu.

Wala tusimlaumu. Sisi wauguzi, katika masomo yetu miaka ya 1990, tulifundishwa kutoboa kapsuli ya nifedipini na kuidondosha chini ya ulimi wa mwenye presha kali. Ilishuka upesi, tukafurahi. Mwaka 1996 madaktari walionya katika jarida la JAMA la Marekani kwamba wengine walipata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa njia hiyo. Leo haishauriwi tena.

Ukiandikiwa mara 2 kwa siku, meza saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Ukisahau, usimeze viwili pamoja. Usivitoe mapema kwenye pakiti, maana mwanga huiharibu dawa hii. Balungi nalo liache, huiongezea nguvu. Asiyeweza kumeza arudi kwa daktari. Zipo dawa za presha zinazoweza kupondwa, kama amlodipini ya kawaida.

Baadhi ya vidonge vya mara 1 kwa siku huacha ganda tupu linaloonekana chooni. Dawa imekwisha kutoka humo, msimpe mzee kingine.