Taa ya Kushoto, Taa ya Kulia: Adabu ya Madereva na Uhai wa Wagonjwa

Dereva anayepanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, nyuma ya lori lenye shehena nzito, haoni kitu mbele yake isipokuwa turubai. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde, na kona hufuatana bila kumpa nafasi ya kuchungulia. Kwa miaka mingi dereva wa lori ndiye aliyekuwa macho ya mwenzake wa nyuma. Akiona kweupe mbele, aliwasha taa ya kuashiria ya kushoto: pita. Akiona gari linashuka, aliwasha ya kulia: subiri kwanza. Aliyepita alijibu kwa honi moja fupi au kwa kuinua mkono dirishani, na safari ikaendelea. Wawili hao aghalabu hawakufahamiana wala hawakutarajia kuonana tena.

Lugha hiyo haikufundishwa darasani. Utingo aliirithi kwa dereva wake katika miaka ya kuziba pancha, kupakia na kulala chini ya lori, hata alipokabidhiwa usukani tayari alikuwa ameijua. Alijua pia kwamba gari likiharibika usiku hukatwa matawi mabichi na kutandazwa barabarani hatua nyingi kabla ya gari, kisha likishatengenezwa matawi huondolewa. Alijua kwamba dereva aliyekwama porini hapitwi bila kuulizwa kama ana maji, na kwamba msafara wa mazishi haukatwi katikati. Gari dogo lililowasha taa zote nne, huku mtu akipunga kitenge dirishani, lilikuwa limebeba mgonjwa mahututi au mama mwenye uchungu, nalo lilipishwa hata na basi lililochelewa.

Adabu hizo hazijafa, lakini zinafifia. Taa ya kushoto bado huwashwa, ila abiria wengi wameshuhudia pia lori likiongeza mwendo pale tu gari lingine linapoanza kulipita. Matawi bado hutandazwa, ila siku hizi mara nyingi ni mawe, nayo huachwa palepale gari likiondoka, yakawa mtego kwa mwendesha pikipiki wa usiku. Mijini yamezuka maneno ambayo wazee wetu wa barabarani hawakuyahitaji: kuchomekea, yaani kuliingiza gari kwa nguvu mbele ya aliyekwisha kupanga foleni, na kutanua, yaani kupita pembeni mwa barabara, kwenye njia ya waendao kwa miguu, ili kuwakwepa waliotangulia. Maneno haya sasa hutajwa kwa kicheko, kana kwamba ni ustadi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini jarida la afya. Linahusu kwa sababu matokeo yake hufikishwa kwetu kwa machela. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Yaani wale ambao usalama wao hutegemea hiari na utulivu wa mtu aliye ndani ya gari. Takriban asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ilhali nchi hizo zina karibu asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Kwa hiyo wingi wa magari peke yake hautoshi kueleza msiba huu.

Ni rahisi kuwalaumu vijana wa leo kwamba hawana malezi. Mimi sikubaliani sana na shutuma hiyo. Tutazame kwanza jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Dereva wa daladala hudaiwa hesabu na mwenye gari kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho mshahara wake na wa kondakta wake; wengi hawana mkataba wa maandishi. Kwake yeye kumpisha mama mwenye mtoto avuke ni kumwachia mwenzake abiria wa kituo kinachofuata. Deiwaka aliyepewa gari kwa nusu siku ana haraka zaidi ya huyo. Kijana wa bodaboda aliyekopeshwa pikipiki hulipa marejesho kila siku au kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na pengine alifundishwa kuendesha jioni moja katika uwanja wa mpira. Malori nayo, mengi siku hizi husafiri na dereva peke yake. Utingo hayupo, na pamoja naye imeondoka shule ile ambayo ada yake ilikuwa jasho. Adabu ilikuwa na njia ya kurithishwa, na njia hiyo imekatwa.

Lugha inapopoteza walimu, maana zake huchanganyika, na hapo hatari huwa kubwa kuliko ukimya. Taa kubwa zikimulikwa mara mbili na gari linalokuja mbele, zinasema nini? Kwa dereva mmoja ni kusema, pita wewe, mimi nangoja. Kwa mwingine ni kinyume chake: mimi naja, usithubutu. Kwa wa tatu ni habari kwamba kuna trafiki mbele. Madereva wawili kwenye daraja jembamba, kila mmoja akiwa na kamusi yake, wanaweza kugongana kwa sababu tu ya salamu. Vivyo hivyo taa ya kushoto ya lori huweza kumaanisha kwamba njia ni nyeupe, na huweza pia kumaanisha kwamba lori linaegesha. Madereva wa zamani waliichukua ishara ya mwenzao kuwa ni habari, hawakuichukua kuwa ni ruhusa. Walingoja, wakachungulia wenyewe, ndipo wakapita.

Kuna adabu nyingine ambayo huua isipofanywa na wote. Katika barabara yenye njia mbili kwenda upande mmoja, dereva wa njia ya pembeni husimama kwenye kivuko cha pundamilia na kumpungia mtoto mkono avuke. Mtoto huuona mkono, hashuku neno, hukimbia. Gari la njia ya pili halijamwona, kwa maana gari lililosimama limemficha, na dereva wake hudhani mwenzake anashusha abiria. Aliyesimama alikuwa mwema na aliyegonga pengine hakuwa mkorofi. Ndiyo maana kulipita gari lililosimama kwenye kivuko ni kosa kubwa, na ndiyo maana mzazi amfundishe mtoto kwamba akifika mwisho wa gari lililompisha asimame tena, achungulie, ndipo amalizie kuvuka. Dereva naye asipunge mkono kabla ya kutazama kioo chake. Kusimama kunatosha, uamuzi wa kuvuka abaki nao yule anayeuona upande wa pili.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa mwendo huu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80 husafiri mita 22, na nguvu inayopaswa kumalizwa wakati wa kugonga huzidi mara mbili na nusu. Katika hospitali nyingi wodi ya mifupa imepewa jina la utani, wodi ya bodaboda, na anayeingia humo ataelewa mara moja: mfupa wa muundi uliovunjika na kutokeza nje, kidonda chenye mchanga wa barabarani, vyuma vilivyofungwa nje ya mguu kwa miezi. Mvunjiko wa namna hiyo ni ugonjwa wa nyumba nzima. Baba hafanyi kazi, mama huacha biashara ili amuuguze, pikipiki iliyokopwa huchukuliwa, na mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule. Haya yote kwa sekunde 3 za kutokubali kungoja.

Lakini pengine pale adabu inapohitajika zaidi ni mbele ya king'ora. Sheria humtaka kila dereva kulipisha gari la wagonjwa. Hilo hulijua hata mtoto. Kinachosahaulika ni kwamba wengi wa wagonjwa wetu mahututi hawaji na king'ora. Huja kwa bajaji, kwa teksi, kwa gari la jirani. Mpango wa M-Mama, unaopokea simu za dharura za akina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa namba 115 bila malipo, huita dereva wa jamii aliyesajiliwa pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Ndani ya gari lake la kawaida huenda kuna mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Damu hiyo haisubiri foleni. Mama aliyekuwa akizungumza anaweza kuzimia na kufariki ndani ya saa chache, na katika saa hizo kila dakika iliyopotea barabarani imekatwa kutoka katika zile za daktari na za chupa ya damu. Mtu wa foleni anaona tu gari dogo linalowasha taa zote nne na kudhani kwamba ni mjanja mwingine.

Na hapa tuseme ukweli: imani hiyo imeharibiwa na wajanja wenyewe. Wapo wanaowasha taa zote nne ili tu wapite. Wapo waliofunga ving'ora kwenye magari ya binafsi. Wapo wanaojibandika nyuma ya gari la wagonjwa, wanne au watano kwa msururu, wakinufaika na njia iliyofunguliwa kwa ajili ya anayekata roho, na kuwaziba wale wanaotaka kurudi katika nafasi zao. Kila anayefanya hivyo humfundisha aliye pembeni kutoamini safari ijayo.

Kulipisha gari la wagonjwa nako kuna namna yake. Punguza mwendo, sogea kushoto, simama ikibidi, ila usifunge breki ghafla mbele yake wala usikurupuke kuingia katikati ya makutano. Na wenzetu wanaoendesha magari hayo nao wasikilize: king'ora huomba njia, hakifupishi umbali wa breki. Muuguzi aliye nyuma hawezi kukandamiza kifua wala kushika chupa ya dripu sawasawa gari likiyumba. Mgonjwa mwenye jeraha la uti wa mgongo hudhuriwa na kila tuta linalorukwa. Kupiga simu mapema hospitalini ili wapokeaji wajiandae huokoa muda bila kumhatarisha mtu yeyote.

Tusisahau pia mwili wa dereva mwenyewe. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa kutenda karibu sawa na aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Mwenye usingizi hukasirika upesi, hupima vibaya umbali, na huona kila anayemtangulia kuwa amemdharau. Hasira hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na dereva wa masafa marefu aliyeketi mchana kutwa, akila chipsi kando ya njia, hana akiba kubwa ya kuvumilia hayo. Mhudumu wa afya anayempima dereva shinikizo la damu amuulize pia analala saa ngapi. Swali hilo lina thamani sawa na kipimo chenyewe.

Abiria naye ana nafasi aliyoiacha wazi. Zamani mzee aliyeketi kiti cha mbele aliweza kusema, "Mwanangu, taratibu, tuna watoto humu," na dereva akajibu, "Sawa mzee." Siku hizi basi zima hunyamaza, kila mmoja ameinamia simu yake, na anayesema huambiwa ashuke akapande gari lake. Nchini Kenya watafiti James Habyarimana na William Jack walilijaribu jambo hili kwa vipimo. Katika matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu walibandika vibandiko vya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Kampeni iliyofuata iliitwa Zusha. Katika utafiti wa kwanza madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, na katika ule mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2015 yalipungua kwa robo hadi theluthi moja. Kibandiko hakikuwafundisha madereva lolote. Kiliwarudishia abiria ruhusa ya kusema, na katika jamii iliyozoea kumheshimu mwenye usukani ruhusa hiyo si kitu kidogo.

Sehemu ya mwisho ya barabara ni lango la hospitali, nasi tunaofanya kazi ndani yake tunaifahamu vyema. Gari la ndugu limeegeshwa mbele ya mlango wa dharura kwa sababu "tunamwona mgonjwa mara moja tu." Bodaboda wanne wanasubiri abiria kwenye mteremko wa machela. Gari la mtumishi limesimama palipoandikwa kwamba pasiegeshwe. Mlinzi anapiga filimbi, dereva anatafutwa wodini, na bajaji iliyotoka mbali na mgonjwa inangoja nje, hatua 20 tu kutoka kwenye hewa ya oksijeni.