Namba kwenye friji si kipimo cha joto

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

FRIJI nyingi zinazotumika majumbani zina kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5 au 1 hadi 7. Wapo watumiaji wanaodhani namba hizo ni nyuzi za joto, hivyo wanapotaka ubaridi zaidi huipunguza namba. Wengine hukizungusha kitufe hadi mwisho siku friji inapoingia nyumbani, na hawakigusi tena. Makosa hayo mawili yana gharama: la kwanza huozesha kitoweo, la pili humaliza uniti za LUKU.

Kwa wakazi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, suala hilo lina uzito wa pekee. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na siku za mbalamwezi samaki wanaopatikana hupungua. Aidha, mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Dagaa huweza kuanikwa na migebuka kubanikwa, lakini anayetaka samaki mbichi katika siku za uhaba hana budi kutegemea friza, na friza hutegemea kifaa kidogo kinachoamua mashine iwake au izime.

Kifaa hicho ni kidhibiti joto, ambacho mafundi hukiita thamostati.

Kinavyofanya kazi

Katika friji za kawaida, thamostati ina mrija mwembamba wa chuma uliojazwa gesi au kimiminika, ambao ncha yake hugusa sehemu inayopoza. Joto likipanda, kilichomo hutanuka na kusukuma kiwambo kinachounganisha umeme, na kompresa huanza kufanya kazi. Ubaridi ukifikia kiwango kilichopangwa, kilichomo husinyaa, umeme hukatwa na kompresa hupumzika.

Namba zilizopo kwenye kitufe hueleza tu ni baridi kiasi gani lazima ifikiwe kabla ya mashine kupumzika. Namba kubwa ni baridi zaidi, ndogo ni baridi kidogo, na sifuri ni kuzima.

Kutokana na hali hiyo, kupandisha namba si sawa na kuongeza mkaa jikoni. Katika friji za aina hiyo, kompresa hupoza kwa nguvu ile ile iwe kitufe kiko kwenye 3 au 7; tofauti ni muda itakaofanya kazi bila kupumzika. Soda iliyowekwa sasa hivi haitapoa haraka zaidi kwa sababu kitufe kimezungushwa hadi mwisho, bali mboga zilizo jirani na sehemu ya kugandishia zinaweza kuganda baadaye.

Kiwango salama

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka kwa kasi. Kwa friza, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kuganda hata mara moja.

Namna pekee ya kujua friji imefikia kiwango hicho ni kupima. Kipimajoto cha kupima homa hakifai, kwa sababu huanzia karibu nyuzi 35. Kinachohitajika ni kipimajoto cha friji. Kitumbukizwe ndani ya glasi ya maji, glasi iwekwe kwenye rafu ya katikati usiku kucha, kisha kisomwe asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Maji yakiwa juu ya nyuzi 5, namba ipandishwe hatua moja na kupima kurudiwe siku inayofuata. Kwa friji nyingi, kuanzia namba ya katikati ni uamuzi mzuri.

Hali ya hewa nayo huhusika. Mchana mjini Kigoma joto mara nyingi hukaribia nyuzi 28 hadi 30, na jiko lililo chini ya bati na karibu na mkaa huweza kuzidi hapo. Kwenye kibandiko cha friji kuna herufi zinazoonyesha mazingira iliyoundiwa: N ni kwa joto la chumba lisilozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38 na T nyuzi 43. Anayenunua friji iliyokwisha kutumika katika nchi za baridi anashauriwa kusoma herufi hizo kabla ya kulipa.

Hesabu ya LUKU

Kompresa ya wati 120 inayofanya kazi nusu ya siku hutumia takriban uniti 1.4 kwa siku, sawa na uniti 43 kwa mwezi. Kompresa hiyo hiyo isipopumzika kabisa hutumia karibu uniti 2.9 kwa siku, yaani uniti 86 kwa mwezi.

Tofauti hiyo ni zaidi ya idadi ya uniti. Wateja wa TANESCO walio katika kundi la matumizi madogo, D1, hununua umeme kwa bei nafuu kwa sharti la kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa maana hiyo, friji moja isiyopumzika inatosha kuivusha familia ukomo huo hata kabla ya taa na televisheni kuhesabiwa.

Umeme unapokatika

Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa na kutegemea majenereta ya dizeli, na kukatika kwa umeme si jambo geni kwa wakazi wake. Wengine huzungusha kitufe hadi mwisho umeme unaporudi, wakiamini kuwa wanafidia muda uliopotea. Hakuna kinachofidiwa.

Linalosaidia ni kutofungua mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huweza kufikia saa 48, na iliyojaa nusu saa 24.

Umeme ukirudi na kukatika tena kwa haraka, hatari huhamia kwenye kompresa, kwani hulazimika kuanza huku shinikizo la gesi halijatulia. Inatakiwa kusubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuiwasha tena. Kilinda friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache, hufanya kazi hiyo bila mtu kuwepo.

Zenye vibonyezo

Katika friji mpya zenye vibonyezo na kioo kinachoonyesha nyuzi, kanuni hugeuka: hapo namba ndogo ndiyo baridi zaidi. Nyuzi 4 kwa friji na 18 chini ya sifuri kwa friza hutosha. Kibonyezo cha kugandisha haraka kitumike samaki wengi wanapoingizwa kwa pamoja, kisha kizimwe iwapo hakijizimi chenyewe. Umeme unaporudi, kioo kiangaliwe, kwani baadhi ya friji husahau zilichopangiwa.

Utunzaji na dalili za ubovu

Thamostati huamua vibaya pale friji inaposhindwa kutoa joto. Nyuma ya friji paachwe nafasi, na mabomba yake yafutwe vumbi. Karatasi ibanwe mlangoni. Ikichomoka bila kuvutwa kwa nguvu, mpira wa mlango umelegea. Barafu isiachwe izidi unene wa nusu sentimita, na isitolewe kwa kisu, kwa kuwa tundu dogo huvujisha gesi, na gesi ya friji nyingi mpya hushika moto.

Kitufe kikiwekwa kwenye sifuri na mashine ikaendelea kuunguruma, thamostati imenasa. Taa ikiwaka lakini kompresa haianzi hata namba ikipandishwa, huenda thamostati imekufa, ingawa fundi apime kwanza kabla ya kubadilisha kitu.

Mwenye friji asikubali fundi aondoe thamostati na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Friji itapoza kweli, lakini haitapumzika tena. Thamostati ni kipuri cha bei ndogo ikilinganishwa na kompresa, na kompresa isiyopumzika huisha mapema pamoja na uniti za mwenye nyumba.