Diski C Unayoiona Si Yako: Jinsi ya Kupanga Herufi za Diski kwenye Seva ya Mbali

RUSIZI (CYANGUGU) – Lori limefika mpakani Rusizi II na dereva anasubiri karatasi. Karani aliyeko Kamembe anasema orodha ya mizigo ameihifadhi kwenye diski C. Anaitafuta, haipo. Kumbe haijapotea: imebaki kwenye seva ya kampuni huko Kigali.

Hali hii huwapata wasafirishaji wanaotumia programu za zamani za hesabu na stoo kupitia Remote Desktop ya Windows. Ukiingia kwa njia hiyo, programu inafanya kazi kwenye seva. Kwa hiyo C unayoiona ni ya seva, si ya kompyuta iliyo mbele yako.

Kuna hatari kubwa zaidi. Programu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mtu mmoja na kompyuta moja. Huandika faili lenye jina lilelile kwenye folda ileile. Makarani wawili wakiitumia kwa pamoja, kazi ya mmoja inaweza kufuta ya mwenzake, na lori likaondoka na hati ya mzigo wa lori jingine.

Ufumbuzi ni huu:

1. Kabla ya kuunganisha, fungua mipangilio ya Remote Desktop. Katika sehemu ya vifaa vya kompyuta yako, weka alama kwenye diski unayoihitaji tu. Usifungue zote, hasa kama seva si ya ofisi yenu.

2. Ukishaingia, diski yako D hujulikana kama \\tsclient\D. Programu nyingi za zamani hazielewi anwani hiyo, zinataka herufi. Fungua dirisha la amri, andika:

net use T: \\tsclient\D

Sasa programu itaiona diski yako kama T.

3. Kila karani awe na folda yake kwenye seva, tuseme Kazi, kisha apewe herufi W:

subst W: "%USERPROFILE%\Kazi"

Wote wataona W, lakini kila W inaelekea kwenye folda ya mwenyewe. Katika mipangilio ya programu, hamisha faili za muda na hati za kila karani kutoka C kwenda W. Daftari la hesabu la pamoja libaki mahali pake.

Amri ya subst hufutika ukitoka kwenye seva, hivyo fundi aiweke kwenye skripti inayojiendesha kila mtu anapoingia. Na ukifungua programu kwa mamlaka ya msimamizi, huenda isizione T wala W. Ifungue kwa njia ya kawaida.

Ndugu msomaji, kumbuka tofauti hii: W ni ya kufanyia kazi, T ni ya kuhamishia faili tu. Ukiweka daftari la hesabu kwenye T, intaneti ikikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Maliza kazi kwenye W, kisha nakili hati kwenda T uichape kwako.